Treni ya Ghorofa ya Tatu

Mume wangu ana kichwa kigumu, wala simsingizii. Tangu mji uungue, wenzake wanahangaika na paa, maji na panya. Yeye anajenga reli ya kuchezea! Imejaa chumba kizima cha pili, kuanzia mlangoni hadi dirishani. Reli ni njiti za miavuli. Mabehewa ni makopo ya samaki. Na mataruma ya kulalia reli je? Miguu ya viti vyangu! Betri yetu moja ya kuwashia taa ndiyo inayozungusha mota ya feni, eti injini. Nikifoka, ananiambia, "Bibie, polepole ndio mwendo." Mwendo wa wapi? Nyumba giza, mwenyewe anapuliza filimbi!

Zamani alikuwa mtu wa stesheni, akishika bendera treni zinapoingia. Kofia ya kazi hajaivua mpaka leo. Stesheni yenyewe imebaki majivu, na reli za kweli watu walizing'oa wakatengenezea mageti ya kuzuia wezi. Mambo yameisha, lakini nenda kamwambie yeye.

Juzi akamaliza. Akashuka bombani meno yote nje, akamkuta jirani yetu wa chini, fundi cherehani.

"Shemeji, kesho asubuhi treni inaondoka! Msikose."

"Treni? Inafika ng'ambo ya mto?" Mume wa huyu mama alikwama ng'ambo siku ya moto, na daraja likaanguka.

"Inavuka daraja kabisa!"

Alimaanisha daraja lake la rula mbili za shule. Mjinga wa watu, hakuwaza kwamba mwenzake anasikia jingine.

Asubuhi mlango ukagongwa. Fundi kasimama na binti zake wawili, mabunda kichwani, cherehani imefungwa kwa shuka.

"Tumefika, shemeji. Tunapandia wapi?"

Mume wangu akawafungulia chumba kwa fahari, akabonyeza swichi. Kopo likazunguka, likavuka rula, likarudi. Filimbi, piii!

Hakuna aliyecheka. Yule mama alitazama mpaka kopo likasimama.

"Chumba changu nimewapa watu jana," akasema. "Wameshabadilisha kufuli. Nimewaaga naenda kwa mume wangu."

"Shemeji, nilidhani unajua..."

"Usiniite shemeji! Kofia hiyo unaivalia nini kama huna treni?"

Maji yalikuwa yameshamwagika. Akatua cherehani juu ya reli, njiti zikapinda kra kra, akakaa chini na wanawe.

"Nangoja hapahapa," akasema. "Ikija ya kweli, mtaniamsha."

Mume wangu akanigeukia, macho yakiniomba nimtetee. Siku zote nimeomba takataka zile zitoke, na sasa zinatoka roho inaniuma. Nilimhurumia, nikamchukia, vyote pamoja.

"Ng'oa," nikamwambia. "Watoto watalala wapi?"