Mnazi wa Zuhura

Mwezi wa nne mwaka 1965 tulipoteza bustani ya Mama kwa mvua moja ya mawe. Ninachokumbuka kwanza ni harufu. Mvua ilipokatika tukafungua mlango, na uwanja wote ulikuwa mweupe, na juu ya ule weupe ilipanda harufu ya majani yaliyopondwa, mrehani na mlangilangi na maganda mabichi, kali kana kwamba mtu ametwanga shamba zima kwenye kinu. Masikio yetu yalikuwa bado yanavuma kwa kishindo cha mabati. Mipapai ilibaki miti mitupu kama nguzo. Mikindu iliyokuwa kwenye madebe ililala chini, na mpopoo wa Mama, aliouotesha kwa tabu, ulikuwa umepasuka katikati. Mama hakuvitazama vyote hivyo. Alijitanda kanga kichwani, akakanyaga barafu kwa miguu mitupu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye mnazi uliokuwa karibu na bafu. Mdogo wangu Zuhura alibaki mlangoni akiwa ameshika nguo yangu, anakohoa.

Tulikaa Busia, upande wa Uganda, kwa sababu Baba alikuwa dereva wa lori la saruji kutoka Tororo. Mama alikuwa mtu wa Pangani, na katika nyumba ile ya kupanga, yenye uwanja wa udongo mwekundu, kitu alichokikosa kuliko vyote ni miti ya kwao. Kila dereva aliyetoka pwani alimwagiza mbegu. Majirani waliopanda mihogo, wimbi na ndizi walimcheka. Mama Nabwire, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwenyeji wa kabila la Wasamia mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mpaka, alikuwa akisimama penye uzio na kusema, “Mama Zuhura, hii miti yako tutakula lini? Ama tutakula kivuli?” Mama alimjibu, “Kivuli nacho huliwa, jirani, mtu akishashiba.” Wakacheka wote wawili. Walipendana, na hilo nalisema mapema ili mtu asije akamfikiria Mama Nabwire vibaya.

Mnazi ulikuwa jambo jingine. Kwao Mama, kitovu cha mtoto kikikatika huzikwa, na juu yake hupandwa mnazi, na mti huo huwa wa mtoto yule. Wangu ulikuwa Pangani, kwa kuwa nilizaliwa huko. Zuhura alizaliwa Busia, na Bibi akaleta kwa lori nazi iliyokwisha kuchipua, imefungwa kwenye gunia kama kuku. Ulikua polepole sana, maana Busia kuna baridi kuliko inavyotaka minazi, lakini ulikua. Mama aliumwagia maji ya kuogea na kuuwekea chumvi kidogo shinani, na mwaka ule ambao Zuhura alikuwa na umri wa miaka mitano kichwa cha mnazi kilifika kifuani kwa mtu mzima. Zuhura aliuita “mwenzangu”. Akigombezwa, alikwenda kukaa chini yake na kuushitakia.

Mawe yalikuwa yamechana makuti yote na kulipiga lile jani changa la katikati, ambalo husimama limejikunja kama mkuki kabla ya kufunguka. Lilikuwa limeinama. Mama alilishika kwa vidole viwili, hakulivuta, akaliachia. Akaniambia, “Aisha, mnazi una moyo mmoja. Kuti lenye ukijani hata kidogo lisikatwe, ndilo linalomlisha mgonjwa.” Alisema “mgonjwa”. Wiki hiyo hiyo kikohozi cha Zuhura kiligeuka homa, pumzi yake ikawa inapiga kelele kifuani, na Baba akawabeba kwenye lori kuwapeleka hospitali ya Tororo. Sitaki kusema mvua ile ndiyo iliyomwangusha. Alikuwa akikohoa kabla yake. Lakini Mama alipopanda ndani ya lori na mtoto mapajani, neno la mwisho aliloniambia halikuwa juu ya chakula wala kufunga mlango. Aliniambia niuangalie mnazi. Nikajua, kama mtoto anavyojua mambo bila kuambiwa, kwamba kichwani mwake vitu vile viwili vimekwisha kuwa kimoja.

Niliachwa chini ya uangalizi wa Mama Nabwire. Nilikula kwake na kulala kwake, na mchana nilikwenda uwanjani kwetu kuukagua mti. Migomba ya Mama Nabwire ilikuwa imechanwa vibaya kuliko mnazi. Yeye aliikata yote chini kabisa kwa panga, bila huruma, na haukupita muda machipukizi yakatokeza pembeni, mabichi na manene. Basi siku moja niliporudi kutoka kisimani nilimkuta kwetu, panga mkononi, amekwisha kuyakata makuti yote ya mnazi, yamelala chini yakiwa na michirizi ya kijani. Alikuwa anainua mkono aukate na ule mkuki wa katikati. Nilitupa mtungi nikaukumbatia mti.

“Wewe mutoto, toka hapo,” alisema. “Hii kitu imekufa. Tukate, itatoka ingine.”

“Haitoki nyingine, mama! Mnazi una moyo mmoja!”

“Moyo? Mti iko na moyo?” Alicheka, kisha akaona nilivyoung'ang'ania mti, akaacha kucheka. “Sasa ukikata, haioti?”

“Hauoti. Unakufa.”

Aliyatazama makuti yaliyokuwa chini. Kwao walizika kitovu chini ya mgomba, na mgomba ukikatwa mtoto wake yuko pembeni tayari, familia haikatiki. Alikuwa amekuja kumsaidia rafiki yake. Aliliweka panga chini taratibu, akakaa kwenye jiwe la kufulia, akajishika kichwa. “Mama Zuhura ataniua,” akasema. Kisha akasema, “Na mtoto je?” Tangu siku hiyo hakunitania tena juu ya miti, wala hakuwahi kuingia uwanjani kwetu bila kutazama kwanza kile kichwa kilichonyolewa.

Baba alipopita na lori alinichukua kwenda Tororo. Tuliliona lile jabali kubwa la mji kwa mbali sana. Wodini kulinuka dawa ya sakafu na uji. Mama alikuwa amekaa chini, kando ya kitanda, amekonda, na kabla sijamwamkia aliniuliza, “Mnazi umetoa jani?” Nikamwambia bado. Sikumwambia habari za panga, hakuniuliza. Zuhura alikuwa ameegemezwa mito. Aliuliza kwa sauti ndogo, “Mwenzangu anaumwa nini?” Nikasema, “Alipigwa mawe.” Akacheka mpaka akakohoa. “Mimi sikupigwa mawe,” akasema, kana kwamba ameshinda mchezo.

Mvua ziliendelea. Maji yalituama kwenye vikonyo vilivyokatwa, na asubuhi moja nilipougusa ule mkuki ulitoka wote mkononi mwangu, laini, ncha yake ya chini imegeuka uji wa kahawia. Harufu ile bado ninayo. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokuwa hai kikafia ndani ya nyumba iliyofungwa. Nilisimama nimelishika lile jani, na Mama Nabwire akaja nyuma yangu, akaziba mdomo kwa kanga.

Safari iliyofuata Baba alilisimamisha lori kabla ya geti la hospitali. Alikuwa mtu wa maneno machache, na mikono yake haikuondoka kwenye usukani. “Mama yako hali chakula,” akasema. “Daktari anahangaika na mtoto, mimi nahangaika na mama yake. Akikuuliza, mwambie umeota.”

“Haujaota, Baba. Umeoza.”

“Najua. Neno moja tu, Aisha. Umeota.”

Nilimheshimu Baba kuliko mtu yeyote, na njia yote ya ukumbini nililikariri neno lile. Mama aliinua macho, akauliza swali lake. Baba akageuka dirishani. Nilifungua mdomo nikasikia sauti yangu ikisema, “Jani la katikati limeoza, Mama. Limenitoka mkononi.” Nilidhani ataanguka. Badala yake alinyoosha mgongo, kama mtu aliyeitwa kazini. “Lilinuka?” Nikasema lilinuka. “Chini yake umeona nini, peupe au peusi?” Sikuwa nimetazama. Akanieleza nirudi nikapasafishe kwa kijiko mpaka nione peupe, nitie majivu makavu, nipafunike na kigae maji yasiingie, kisha nisiguse tena. “Juu kuoza si kufa kwa chini,” akasema. Akauliza kama kuna uji. Baba akamletea, akanywa wote huku anamtazama Zuhura aliyelala. Tulipotoka Baba hakunigombeza. Alinunua kashata, akanikabidhi yote.

Nilifanya kama nilivyoelekezwa. Mama Nabwire ndiye aliyeshika kijiko, akachimba polepole kama anayemtoa mtoto mwiba. Chini kabisa palikuwa peupe, padogo. Tulitia majivu ya jikoni kwake. Baada ya hapo ilikuwa kungoja tu, na hakuna kazi niliyowahi kuifanya ngumu kama ile. Mvua zikapungua, jua likarudi, migomba ya jirani ikafika urefu wangu, na mnazi ukakaa vile vile chini ya kigae chake. Kila tulipokwenda Tororo nilisema bado. Zuhura aliacha kuuliza.

Mwezi wa saba lori la Baba liliingia mchana, polepole, na nyuma yake hakukuwa na saruji. Mama alikuwa amekaa mbele, na mapajani mwake kulikuwa na kitu kidogo kilichofungwa kwa shuka nyeupe. Waislamu wa mjini walikusanyika upesi, wakamzika Zuhura kabla ya jua kuzama. Wanaume walikwenda, sisi wanawake tulibaki. Matanga yalipokwisha, Mama alitoka uwanjani kwa mara ya kwanza na kukuta tenga kubwa la kuku limefunika pale penye mnazi. Mama Nabwire alikuwa amesimama penye uzio. Nilimwona anafikicha pembe ya kanga yake.

“Nani ameweka hili?” Mama akauliza.

“Ni mimi, dada,” Mama Nabwire akasema. “Usitoe. Ngoja kwanza siku zipite.”

Mama akalitoa. Kigae kilikuwa kimesukumwa upande, na katikati ya majivu palikuwa na ncha ya kijani, iliyopinda, yenye mikunjo, urefu wa kidole. Ilikuwa imetokeza asubuhi ya siku ile ile Zuhura alipoletwa, na jirani yetu aliiona, akatafuta kitu cha kuifunika ili Mama asiione. Baba alikuja taratibu nyuma ya Mama. Panga lilikuwa mkononi mwake. “Niukate?” akauliza.

Mama aliigusa ile ncha kwa vidole viwili. Kisha akasema, “Ukate kwa nini? Umekosa nini?” Akaniagiza maji. Nikaleta kopo. Nusu akaumwagia mti, nusu akanawa uso, akaingia ndani.

Nyumba ile baadaye Baba aliinunua, na leo naishi humo mimi. Mama na Baba wamekwisha kufariki, na Mama Nabwire pia. Siku hizi sokoni minazi ya mapambo inauzwa kwenye mifuko ya plastiki kwa watu wanaojenga, na kitovu cha mtoto hubaki hospitali, hakuna anayeuliza kimekwenda wapi. Mnazi wa Zuhura umepita paa. Huzaa nazi chache, ndogo, zisizo na tui la maana. Karibu na chini, penye mwaka ule, shina limekonda ghafla kama kiuno kilichokazwa mkanda, halafu likanenepa tena na kuendelea juu. Pengo la mwaka ule halikujazwa. Juzi mjukuu wangu wa kike aliweka mguu kwenye kile kiuno akitaka kupanda, akaniuliza kwa nini mti umebanwa hapo. Nikamwambia zamani uliumwa. Akauliza kama bado panauma. Nikasema, kidogo. Akautoa mguu wake, akaenda kucheza kwingine.