Maji ya Ukweni

Mwaka 1993, katika ofisi yetu ya maji pale Songea, koti jeupe lilikuwa moja, na aliyelivaa ni mimi, Pankrasi. Nililivaa hata siku ambazo hakukuwa na cha kupima. Mara mbili akina mama wa sokoni walinisimamisha wakaniomba niwatazame watoto wao wenye homa. Sikuwakatalia. Niliwagusa watoto paji la uso, nikakunja uso kidogo, nikasema wawachemshie maji ya kunywa. Cheo changu hasa kilikuwa fundi msaidizi wa maabara, lakini mke wangu Oliva, akiwa kwa majirani, aliniita mtaalamu, nami sikuona sababu ya kumsahihisha.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Foleni za sabuni zilikuwa zimekwisha, maduka yamejaa, mitumba inamwagwa chini kila Jumamosi, na sisi wa serikali tunaishi kwa hofu ya neno moja tu: kupunguzwa. Wenzangu walijihami kwa kufungua vibanda na kufuga kuku wa kisasa. Mimi nilijihami kwa kununua buti za mpira za mtumba, nene, za kijani, ili wakubwa waone kwamba mtu huyu ana vifaa vyake mwenyewe, hapunguziki. Nilipozifikisha nyumbani Ruhuwiko, Oliva alizipanga sakafuni, akaniambia zote mbili ni za mguu wa kushoto. Nilimjibu kwamba mtoni hakuna anayeangalia miguu ya mtu.

Mwezi wa kumi ukaja mradi wa wafadhili. Walikuwa tayari kujenga bomba katika kila kijiji ambacho maji yake yangeshindwa kipimo. Ambacho maji yake yangefaulu, kiendelee na mto wake. Orodha ilitakiwa Dar kabla ya Krismasi. Na mpimaji, kwa kuwa koti lilikuwa moja, ni mimi.

Kati ya vijiji vya kupima kimojawapo kilikuwa Kihangama, ukweni kwangu. Mama mkwe wangu, Kunegunda, alikuwa anachota maji ya kijito cha Luhanga tangu azaliwe. Na Luhanga kila mtu anaijua ilivyo. Wanawake wanachimba vidimbwi pembeni mwa maji na kuvundika mihogo humo siku tatu nne, hadi ilainike, ndipo waianike. Juu kidogo ya hapo nguruwe wanagaagaa, na wapika komoni, ile pombe yetu ya kienyeji, wanasuuza mapipa yao. Harufu ya mahali pa kuchotea unaipata kabla hujauona mto wenyewe.

"Mimi sikuombi upendeleo," Oliva aliniambia asubuhi ya safari. "Pima tu yale maji kama yalivyo. Mama anayanywa."

"Unamfundisha nani kazi?" nilimwuliza.

Tulikwenda na dereva wetu Azizi, Myao wa Tunduru, mtu wa maneno mengi na breki chache. Nyuma ya gari kulikuwa na sanduku la barafu niliyonunua kwa muuza juisi wa Mfaranyaki. Sampuli inatakiwa ikae baridi na ifike maabara ndani ya saa sita, la sivyo haifai. Tukapima vituo vitatu vya vijiji vingine bila matatizo. Kituo namba nne kilikuwa Kihangama, mahali pa kuchotea. Nilimwacha Azizi kwenye gari, nikashuka na chupa zangu, koti likipepea, buti zote mbili zikinivutia upande mmoja.

Nilipokata kona ya mwisho nikamwona. Mama mkwe alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, khanga ameipandisha, amenipa mgongo, anatoa mihogo kwenye kidimbwi chake.

Sasa, kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Mngoni aliyelelewa hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake njiani. Ukimwona anakuja, unaiacha njia, unaingia majanini, unasubiri apite. Huli naye, humtazami usoni, na kama una neno la kumwambia linapita kwa mtu wa tatu. Na huyu hakuwa njiani, alikuwa mtoni, na magoti wazi. Vijana wa mjini walikuwa wameanza kuyacheka mambo haya. Mimi mwenyewe niliyacheka sana nilipokuwa chuoni Dar. Lakini magoti ya mama mkwe yalipotokea mbele yangu, elimu yote ilinitoka, nikajitupa kichakani na chupa zangu nne.

Nikasubiri. Nilijua atamaliza punde. Dakika kumi zikapita, ishirini, siafu wakanigundua. Nikachungulia: bado yupo pale pale, anageuza mihogo ile ile. Nusu saa ikapita. Barafu ilikuwa inayeyuka, saa zinakwenda, na njia ya kushuka ilikuwa moja tu.

Hapo ndipo nilipopata wazo, na mawazo yangu Oliva ameshayasema vya kutosha. Nilitambaa vichakani nikapanda mto, nikavipita vidimbwi, nikawapita nguruwe na mapipa ya komoni, hadi mahali ambapo Luhanga inatokea kwenye mawe chini ya miti. Maji yalikuwa maangavu, unaona mchanga chini. Nikajaza chupa. Kwa kuwa fomu ilitaka na viumbe vya mtoni, nikageuza mawe, na chini yake nikawakuta wale wadudu wadogo wenye mikia mitatu ambao hawaishi kwenye maji machafu hata siku moja. Walikuwa wengi! Nilifurahi mno. Nilikaa juu ya jiwe nikawahesabu mmoja mmoja, nikasahau kabisa kwa nini niko pale.

Halafu nikaandika kwenye kila chupa: Kituo namba nne, Kihangama, mahali pa kuchotea. Nilijiambia ni mto mmoja, maji ni yale yale, tofauti ni hatua mia tatu tu. Mtu akitaka kujidanganya hahitaji chuo.

Maabara tunachuja maji kwenye karatasi, tunaiweka kwenye kabati la joto hadi kesho yake. Kukiwa na uchafu wa kinyesi, madoa ya njano yanajitokeza. Karatasi za vijiji vingine zilijaa madoa hazihesabiki. Ya Kihangama haikuwa na hata moja. Mkubwa wangu, Mhandisi Rupert, aliisoma ripoti mara mbili, akanipa mkono.

"Mpaka wadudu umehesabu," alisema. "Mtu kama wewe hatuwezi kumpunguza."

Baada ya maneno kama hayo, nani angefungua mdomo? Kihangama ikafutwa kwenye orodha. Barua ikaenda kijijini, mtendaji akaisoma mkutanoni: mtaalamu amepima, maji ya Luhanga ni safi na salama, hayahitaji mradi. Watu wakageuka wote wakamtazama Kunegunda, kwa sababu mtaalamu walimjua ni mkwe wa nani. Alisimama akawaambia kama mkwe wake amesema ni safi basi ni safi, na tangu siku hiyo akaacha kuchemsha maji.

Haya nilikuja kuyajua baadaye, mama mkwe alipolazwa Peramiho kwa homa ya matumbo. Oliva alihamia huko kumwuguza. Aliporudi kufua nguo alinieleza habari ya mkutano na ya maji yasiyochemshwa, akakaa ananitazama.

"Uliyapima kweli?" aliuliza.

"Nimeyapima," nikasema, na haukuwa uongo, ndiyo maana jibu liliniuma zaidi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, tena aibu yenye koti jeupe. Mama mkwe alilala hospitali siku kumi na tisa. Nami, shujaa wenu, nilizihitaji zote kumi na tisa kupata moyo wa kugonga mlango wa Mhandisi Rupert.

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama. Kituo, chupa, mto wa juu, lebo. Alikuwa anawaka. "Pankrasi, umeandika uongo kwenye karatasi ya serikali! Kwa sababu gani?"

"Mama mkwe alikuwa ndani ya maji, mzee."

Rupert naye ni Mngoni, wa kule Hanga. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Alikuwa amekuelekea au amekupa mgongo?"

"Mgongo."

"Magoti?"

"Wazi, mzee."

"Hata mimi nisingeshuka," alisema Rupert. "Lakini nisingeandika. Orodha inaondoka Ijumaa. Nenda kalete maji ya kweli, na barua ya onyo utaikuta mezani ukirudi."

Njiani nilimsimulia Azizi. Ilibidi asimamishe gari acheke vizuri. "Wallahi ninyi Wangoni! Sisi kwetu ukioa unahamia ukweni moja kwa moja. Tungekuwa kama ninyi, wanaume wote wa Tunduru tungeishi porini!"

Safari hii nilimchukua ashuke nami, ili akimwona mtu anipigie mluzi. Hakupiga. Tulipokata ile kona, mama mkwe alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya njia, amejifunika khanga mbili, amekonda hadi mabega yamechomoza. Oliva alikuwa amempelekea habari kwamba nakuja. Niliruka majanini.

"Shikamoo mama," Azizi akasema.

"Marahaba, baba. Mwambie mtaalamu wako akupe chupa."

Azizi alinigeukia. "Anasema utoe chupa." Kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya ziwa.

Nilizitoa kwa mkono kupitia matawi. Nikasikia maji yanapigwa na miguu, nikajua anaingia yeye mwenyewe, mgonjwa wa wiki tatu, kwenye maji yale yale. Nilitaka kupiga kelele atoke. Nilichopigia kelele badala yake, nikiwa nimeupa mgongo mto, ni maelekezo. "Azizi, mwambie mdomo wa chupa auelekeze maji yanakotoka! Mwambie asiguse mdomo kwa vidole! Mwambie asijaze mpaka juu!"

"Mwambie," mama mkwe akajibu, "nimechota maji kabla hajazaliwa."

Alipotoka alimkabidhi Azizi chupa nne, akakaa kwenye jiwe apumzike. Nilidhani yamekwisha. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

"Baba, mwambie na neno hili. Siku ile nilimwona."

Azizi hakuhitaji kurudia. Nilikuwa nimesikia.

"Nilisikia buti, nikageuza shingo, nikamwona anajitupa kichakani kando ya njia. Nyayo zake zilikuwa hapa, mguu wa kushoto na mguu wa kushoto, kijiji kizima kilikuja kuzitazama. Mihogo yangu nilikuwa nimemaliza zamani. Ningetokaje na mkwe amekaa njiani? Nilisimama ndani ya maji nimngojee aondoke, miguu ikafa ganzi. Mwishowe nikaona kichaka kimetulia, nikatoka, nikajua basi atashuka, atachota. Aliposema maji ni safi, nikajua alichota hapa nilipotoka mimi. Ndiyo maana niliyanywa."

Azizi aliinama akazikaza chupa vifuniko.

Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilifanya lisilofanywa. Nilitoka majanini, nikasimama njiani mbele yake, macho nimeyainamisha kwenye buti zangu. "Mama, nisamehe," nikasema, bila mtu wa tatu.

Alijifunika uso kwa khanga haraka. Alikaa hivyo kidogo, halafu akasema ndani ya ile khanga, naye bila mtu wa tatu, "Wahi, baba. Barafu yako inayeyuka."

Karatasi ya Kihangama ilijaa madoa hata nyeupe haikuonekana. Ijumaa orodha iliondoka na jina la kijiji limeongezwa kwa mkono chini kabisa, na bomba lilifika mwaka 1996. Kwenye kitabu cha maabara, mstari wa kituo namba nne, pale panapoandikwa aliyechota sampuli, niliandika Kunegunda. Kila aliyekagua kitabu kile aliniuliza huyo ni mtaalamu wa wapi, nami nilijibu ndiye aliyekuwa mtaalamu, mimi nilibeba tu chupa.