Koti la marehemu mume wangu lilinifuata kwenye simu, nikamchelewesha mjukuu hospitali

Wakuu, salamu zenu. Walionizidi umri shikamooni, ila humu sidhani kama mpo.

Mimi ni bibi wa Guta, Bunda. Shule niliishia la tatu, naandika herufi moja moja. Sitaongeza kitu, maana hata yanayoniaibisha nayaweka yote.

Iko hivi.

Marehemu mume wangu Magesa alikuwaga na koti la kaki la mifuko minne. Tulimzika nalo.

Mwezi uliopita nilikuwa naangalia kwaya kwenye simu. Likapita tangazo la duka la mtandaoni, koti lilelile. Nikaligusa likawa kubwa. Nikaliangalia mpaka chai ikapoa. Nikabonyeza na kile kikapu cha kununulia, kisha nikaogopa nikatoka.

Tangu hapo koti halikuniacha. Nikifungua kwaya, lipo. Nikisoma habari za pamba, lipo katikati. Chini wameandika: bado linakusubiri.

Nikaanza kukosa raha. Nakaa, nasimama, nafungua tena nione kama limeondoka.

Siku hizohizo Neema, mke wa mwanangu Mafuru, akanipigia toka Butiama. Mtoto wao Kelvin, wa miezi saba, analia siku ya pili, hashiki ziwa. Anataka kumpeleka hospitali Musoma.

Sasa kwetu (vijana mtanisamehe) mtoto akilia hivyo tunasemaga kuna mzee wa ukoo anataka apewe jina lake. Na mimi mzee ananifuata na koti kila siku. Nikaona jibu ninalo. Nikamwambia Neema asiende popote, anisubiri.

Nikapanda gari pale Bunda. Njiani nikafungua simu mara nne. Lipo.

Kufika tu nikamchukua mtoto, nikamwita Magesa. Nikamwita tena. Akanyamaza, akalala. Nikamwonyesha Neema lile koti kwenye simu, nikamwambia babu yake ndiye huyu amekuja. Neema akatoa nguo za mtoto kwenye begi la safari, akazirudisha kabatini.

Kumbe mtoto alichoka tu kulia.

Kesho yake mchana akaja Sabina, mdogo wake Neema, anauzaga viatu mtandaoni huko Musoma. Na yeye nikamwonyesha. Akacheka kidogo.

"Mama, hili koti uliligusa?"

Nikamwambia niliangalia tu.

"Basi ndiyo hivyo. Wameona umeangalia hukununua, wanalipia tangazo likufuate kila unapopita. Hata mimi viatu vyangu nafanyaga hivyo. Baba hayumo humu."

Kisha akampokea mtoto, akamlaza begani. Kicheko kikaisha.

"Dada, sikio la huyu mtoto linanuka."

Ulikuwa usaha. Mimi niliyelea Mafuru, Nyanjura, Bwire, Wegesa na Masatu, sikumnusa mtoto sikio. Nilikuwa na simu.

Tukaondoka palepale kwenda Musoma. Daktari akauliza mbona mmemchelewesha. Nikainamisha kichwa nisubiri kutajwa. Neema akasema usafiri ulisumbua.

Homa imeshuka, ananyonya. Ila tumeambiwa tumrudishe wapime kama sikio la kushoto linasikia. Siku yenyewe haijafika na mimi situlii. Napiga makofi hapa nyumbani peke yangu, nasikiliza yanavyolia, kama vile ndiyo nampima yeye.

Neema hajanisema neno. Kila asubuhi ananipigia kuniuliza nimeamkaje. Hapo ndipo nashindwa kula.

Nilichojifunza: kitu kikikufuata kwenye simu ujue uliwahi kukigusa, na kuna mtu analipia kikufuate. Na mtoto akilia mkague mwili mzima kwanza, habari za majina mtaongea akishapona.

Sasa mwenye mtoto aliyewahi kutoka usaha sikioni, lile sikio lilikuja kusikia? Niandikieni hapo chini. Hata kama halikusikia, msinifiche.