Sifuri ya Korongo

"Hatua ya sabini na moja!" Gerlof Hoitinga alifoka, akimpigia Teun karatasi mezani. "Korongo alikuwa anashinda, nawe ukamkatia mchezo!"

Katika ukumbi ule wa mji wa Sneek kompyuta kumi zilikuwa zikicheza chesi zenyewe kwa zenyewe, na wanaume wenye mvi wakizichungulia. Teun ndiye aliyesimamia ligi. Gerlof, mlinzi mstaafu wa milango ya maji kwenye mfereji wa meli, ndiye aliyeitunga programu aliyoiita Korongo, na kwa miaka kumi na moja haikuwahi kushuka kutoka daraja la kwanza. Sasa nusu pointi iliyopotea kwa sare hii ilikuwa inaishusha. Na usimwambie Gerlof kwamba huo ni mchezo tu. Shemeji yake alithubutu, akanuniwa mwaka mzima.

"Tulia basi, Gerlof," Teun alisema, peremende nyeusi shavuni. "Sheria unaijua. Programu zote mbili zikiandika sifuri, yaani hakuna aliye mbele, mara nane mfululizo, ni sare. Mpinzani kaandika sifuri. Korongo wako naye kaandika sifuri. Nimlazimishe?"

"Korongo anatoa ngome kafara! Mfalme anapenya huku kushoto, hatua kumi na tisa, kwisha habari! Nimeuona ushindi kwenye ubao wa mbao, kwa macho haya mabovu!"

"Sasa mbona unanigombeza mimi? Kamgombeze ndege wako, ndiye aliyekata tamaa."

Watu wakaangua kicheko. Gerlof akazoa karatasi zake, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani hakuvua hata koti. Akampa Korongo mkao uleule wa kete, akafungua hesabu zake za ndani, zile ambazo ukumbini hazionekani. Hapakuwa na sifuri. Korongo alikuwa ameona faida ndogo, na hatua aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ileile, kutoa ngome. Basi hiyo sifuri kaiandika nani? Gerlof akasaka mstari kwa mstari huku akitukana, mpaka akaupata: baada ya hatua ya sitini, faida ikiwa ndogo, tangaza sifuri. Pembeni, maelezo aliyoyaandika mwenyewe miaka mitatu nyuma: "Michezo iishe mapema, nimuwahi Jikke kabla ya saa kumi."

Saa kumi ndiyo hospitali ilikuwa ikiwatoa wageni siku za Jumamosi. Jikke, mkewe, mwaka ule alilazwa kule majuma tisa na hakurudi nyumbani.

"Mpumbavu wee," Gerlof alisema kwa sauti, na safari hii hakuwa akimsema Teun.

Hasira zote za siku nzima zilimrudia, na hakuwa na pa kuzipeleka. Mume mwingine angezima kompyuta akaenda zake kwa mkewe. Yeye aliona vyema amzibe Korongo mdomo, kisha akakaa ukumbini kungoja sare. Jumamosi tisa, na kila Jumamosi alifika wodini zikiwa zimebaki dakika ishirini.