Ile Alama ya Manjano Iliyogeuka

Watu wa hapa ufukweni wananijua kama mutu asiyesahau ubaya. Ni kweli. Nikikutana na aliyenikosea, hata kama miaka imepita mingi, namuangalia mpaka ashike njia ingine. Lakini leo nimeshika kalamu juu ya kushukuru, na wa kwanza ni shemeji yangu, mudogo wa muke wangu, pamoja na ule muchezo wake wa vita.

Shemeji anafanya kazi ofisini, anajaza makaratasi ya mizigo inayovuka kwenda Goma. Jumapili tukitoka kanisani anakuja kwetu kula viazi na maharage, kisha anafungua ordinateri yake, kompyuta ya kuchezea, pale mezani. Siku ya kwanza nilimucheka. Mi vita nimeiona kwa macho yangu na nimeikimbia kwa miguu. Hapa iko ramani ya bahari tu, na alama ndogo ndogo. Bluu ni meli na ndege zake, nyekundu ni adui, manjano ni kitu kimeonekana lakini hakijajulikana ni cha nani.

"Vita gani hii, shemeji? Haina hata moshi!"

"Siku hizi wanapigana bila kuonana uso, muzee. Anayemuona mwenzake mapema ndiye anapona."

"Basi kaka yangu angepona. Sisi tulimuona yule mushenzi kutoka mbali."

Akarudisha macho kwenye ramani. Nyumbani kwetu kila mutu anajua nilikuwa nasema nini.

Ilikuwa asubuhi. Mi na kaka yangu tulikuwa tunarudi na mutumbwi, upepo ukaamka, wimbi likatupindua. Kaka hakujua kuogelea. Wavuvi wengi hapa hawajui, usishangae. Mukono mumoja nilishika mutumbwi, mukono ule mwingine nikashika shati lake. Sasa, ziwani kwetu kuna desturi: ukiwa na shida, unasimamisha kafi, lile kasia la mukono, juu, wima, na kila anayeiona lazima akuje. Kafi yangu ilikuwa imekwenda na maji. Na hata ingekuwepo, ningeishika na mukono gani?

Mashua ya motere ikatokea, ya rangi ya bluu, ikatunyookea kabisa. Nilimuambia kaka, "Vumilia, wanakuja." Kisha ikageuza pua, ikaenda. Shati likanitoka mukononi. Wauza ndizi ndio walinipata, peke yangu.

Kapita wa ile mashua, nahodha wake, alikuja kwenye kilio. Jina lake siliandiki hapa, lakini muji wote unalijua, na yeye mwenyewe akisoma atajijua. Alikula maharage yetu, akapangusa midomo, akasema mbele ya watu: "Mi sikuona mutu. Wangesimamisha kafi, ningekuja." Mama akageuka kuniangalia. "Mutoto wangu, kafi uliipeleka wapi?"

Toka siku ile, Mama hakupokea tena kitu cha ziwa kutoka mukono wangu. Mi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni, nauzia hata watu wa Kanama na wa milimani, lakini mama yangu mwenyewe pale Nyakiriba alikuwa anasema, "Asante, nina maharage." Na mi nikaanza kuamini kwamba kaka alikufa kwa sababu yangu.

Sasa ikaja Jumapili moja. Shemeji alikuwa anapeleka meli yake polepole, na mbele iko alama moja ya manjano. Kila alama ina musitari mudogo unaoonesha mahali inaelekea. Musitari wa ile ulikuwa unatunyookea. Halafu, mara moja, ukapinda.

"Donc, kumbe ametuona huyu!" shemeji akapiga meza.

"Umejuaje? Si umesema hata wewe hujamujua ni nani?"

"Muzee, mutu hawezi kukwepa kitu ambacho hajakiona. Angekuwa hajatuona, angeendelea na njia yake. Huyu ametuona, hajatujua, ameogopa. Labda anabeba kitu cha kuficha."

Nilishika kiti. Muke wangu akasema, "Yesu wangu, unaumwa?" Sikuumwa. Nilikuwa naona ile pua ya bluu inageuka.

Kesho yake nilimukuta kapita pale mashua zinapofungwa. Siku hizi ni mukubwa kanisani, anapenda salamu ndefu. Nikazikata.

"Muzee, ile asubuhi ulikuwa unatunyookea. Uligeuka juu ya nini?"

"Upepo, ndugu yangu, upepo..."

"Upepo ulikuwa nyuma yako. Uligeuka kwa sababu ulituona. Ulikuwa umebeba nini?"

Aliangalia viatu vyake. Nilifikiri atanitukana, na nilikuwa nimejitayarisha. Akasema kwa sauti ya chini, "Kaningini." Ni ule wavu wa macho madogo, umekatazwa. "Niliona vichwa viwili na kitu cheusi juu ya maji. Nilifikiri ni watu wa doria wanatutegea."

"Na kafi?"

"Hata mungesimamisha kafi ningekimbia."

Mukono wangu ulitaka kumupiga. Nikauweka mufukoni. "Utapanda gari twende Nyakiriba," nikamuambia. "Maneno hayo nimeyasikia. Sasa umuambie yule uliyemudanganya."

Alikuja, hiyo simunyimi. Alisimama mbele ya Mama na kofia mukononi, akasema yote, na wavu akautaja. Mama hakulia. Alimuuliza mara mbili, "Kwa hiyo ulimuona mutoto wangu?" Alipoitika, akamuambia aende na amani, lakini asikae kula.

Sijamusamehe bado, niseme ukweli. Lakini namushukuru Mungu, na namushukuru shemeji, ambaye Jumapili ile alishindwa muchezo kwa sababu aliiacha meli yake ili anisikilize mi.

Siku ile pale Nyakiriba, nilipokuwa natoka, Mama aliniita kutoka mulangoni.

"We, muuza sambaza."

"Karame, Mama," nikaitika.

"Kesho uniletee. Na usiniletee zile za kuvunjika unazouzia watu wa milimani."

Nilimupelekea. Alizikaanga yeye mwenyewe, akazila na vichwa vyake.