Leo mama mkwe amenikimbia

Jamani, leo mama mkwe amenikimbia. Amekimbia kweli, kwa miguu!

Mimi ni mtu wa Tanga. Leo nimekuja Bunda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu, Nyangeta. Njia nzima nilikuwa nawaza kitu kimoja tu: wakinikataa je?

Tumefika, mama yake akatoka mlangoni.

Kwetu mkwe unamwamkia na mkono unambusu. Basi nikamwendea mbio, mikono yote miwili mbele. "Shikamoo mama!"

Mama akajifunika uso kwa kitenge, akageuka, akakimbilia nyuma ya nyumba.

Mikono yangu bado iko hewani.

Nikamnong'oneza Nyangeta, "Twende zetu stendi."

Shangazi yake, aliyekuwa pale uani, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, huku na mama mkwe hatupeanagi mkono. Ndiyo heshima yenyewe. Ungekuwa mgeni tu, angekushika. Amekukimbia kwa sababu ameshakuhesabu mkwe."

(Nyangeta anasema alisahau kuniambia. Tutaongea.)

Sikuondoka. Nilibaki palepale nilipokuwa, nikaita tena, safari hii kwa adabu, "Shikamoo mama!"

Sauti ikajibu kutoka jikoni, ya upole kabisa. "Marahaba, baba. Nyangeta, hebu muulize mkwe wangu, anakula sato au kuku?"

Mkwe wangu! Mmesikia lakini?

Nimesema vyote viwili.

Nyie mliooa mbali na kwenu, siku ya kwanza mlichemsha wapi?