Kitambaa Juu ya Kompyuta ya Truphosa

Truphosa Akumu alipofika kwa fundi wa kompyuta kule Mabatini alikuwa ameshakata shauri: aongezewe RAM ya GB nane, ile kumbukumbu inayoipa kompyuta wepesi. Mimi nilimbebea mkoba. Yeye alilipakata kasha la kompyuta kifuani kama mgonjwa anayepelekwa zahanati, amelifunika kitambaa cheupe cha kufuma.

Ni jirani yangu kule Igombe. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akichapa kazi za watu: barua za kijiji, matangazo ya kanisa, na siku hizi ripoti za wanachuo. Dirisha lake linatazama ziwa, na apitaye njiani hujua kuwa yupo kwa mlio wa vidole vyake. Lakini tangu Pasaka kompyuta yake, aliyoinunua ikiwa imeshatumika ofisini kwa watu, ilianza kuganda. Alifungua picha, akaenda kusonga ugali, akarudi, picha bado. Wateja wakapungua mmoja mmoja, bila ugomvi. Alibaki Elias tu, ambaye ripoti yake ya kurasa mia moja na kumi ilitakiwa chuoni Ijumaa. Siku ile ilikuwa Jumatano.

"Mwalimu," aliniambia njiani, "hii ikinishinda, nafunga kazi. Labda ni mimi nimezeeka. Vidole vimekuwa vizito."

Sikumbishia. Nilimwamini, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Kuhusu RAM alikuwa ameuliza kila mtu. Kaka yake Owuor alisema aongeze nne tu. Mwanakwaya mwenzake akasema bila kumi na sita asijisumbue. Basi akachagua nane, kwa kuwa iko katikati.

"Shikamoo mama," alisema Nestory, fundi mwenyewe.

"Marahaba. Niongezee GB nane."

"Sasa hivi ina ngapi?"

"Nne. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Kuambiwa siyo kuona, mama. Ngoja tufungue kwanza."

Alilegeza skrubu, akavuta ubavu wa kasha. Kisha akarudi nyuma hatua nzima.

Ndani hapakuonekana chuma wala waya. Palikuwa pamejaa wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi kutoka majini, maelfu juu ya maelfu, wamekauka na kushikana na vumbi hata wakawa kitu kimoja cheusi, kama mkate ulioungua. Feni ilikuwa imezikwa humo; ncha ya bawa moja tu ndiyo iliyochungulia. Harufu ya samaki mkavu ikatupiga usoni. Truphosa aliziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Mashimba, mteja aliyekuwa akingoja simu yake, alinyoosha shingo. "Ee bwana! Wajaluo mnahifadhi kitoweo kwenye kompyuta?"

"Bibi yangu angewakanda hawa akawaoka," Truphosa alijibu polepole, macho hayatoki kwenye kasha, "na wewe ungeomba tonge la pili." Utani ulikuwa wake, lakini sauti haikuwa yake.

Nestory alichuchumaa. "Mama, hii haikukosa RAM. Ilikosa hewa. Ikipata joto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Hata ungeiwekea thelathini na mbili, ingeganda vilevile. Wameingiaje wengi hivi?"

"Lakini nafunika! Kila jioni nikiona wanapanda, nafunika wasiingie."

"Ikiwa imezimwa?"

"Ikiwa inafanya kazi. Kazi ya watu nitaiacha?"

Nestory alikitandika kitambaa juu ya kasha kama Truphosa alivyokuja amelifunika. Nyuma kiliangukia pale joto linapotokea. Mbele kilikunjwa ili kitufe kionekane. "Wanafuata taa, wanapita hapa mbele. Nyuma umeziba. Hawatoki, na joto nalo halitoki."

Kitambaa kile kilifumwa na Rose, mdogo wake, katika mwaka wake wa mwisho hapa duniani. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio hufunikwa, televisheni hufunikwa, hata jagi la maji. Truphosa aliketi kwenye benchi.

"Nimeinyonga mwenyewe," alisema. "Kila siku. Kwa mkono wangu huu."

Nestory alilitoa kasha nje, akasugua kwa brashi, akapuliza kwa mashine, akasugua tena. Nami nilikuwa nikihofia kwamba chini ya ule uchafu vyote vimeshaungua. Alipoiwasha, feni ilivuma, kioo kikawaka. Truphosa hakutaka kukaa mbele yake, ilinibidi nimsukume. Alibonyeza ripoti ya Elias, na ikafunguka kabla hajaondoa kidole. Aliurudisha mkono haraka, kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Sasa fungua vyote unavyotumia kwa siku moja," Nestory alimwambia.

Alifungua. Nestory akamwonyesha kipimo: kati ya GB nne, tatu na nusu zilikuwa zimeshikwa. "Hapa kweli pamebana. Ongeza nne, jumla ziwe nane. Ukiongeza nane, nyingine zitakaa bure."

"Fundi, unafukuza biashara?" Mashimba alicheka.

"Nafukuza lawama," alisema Nestory, akachomeka zile nne.

Alhamisi yote nilisikia vidole vya Truphosa kutoka uani kwangu. Ijumaa asubuhi Elias alipita mbio, ripoti kwapani, hata salamu akaisahau.

Jioni nilimpitia. Wadudu walikuwa wameanza kupanda kule majini. Dirisha lilikuwa limefungwa, kompyuta imezimwa, waya umechomolewa ukutani. Truphosa alikuwa ameketi na kitambaa cha Rose mapajani, kiganja chake ubavuni mwa kasha, kama mama anayepima homa ya mtoto.

"Bado ina joto kidogo," alisema.

Nikavuta kigoda, tukangoja ipoe.